Mwenye Heri Isidore Bakanja

Katika nchi ya Equateur, upande wa magharibi wa Kongo, kuna mito mingi na misitu minene yenye maji. Huko wanakaa watu wanaoitwa Waboangi, na kijiji chao kimoja ni Bokendela. Katika kijiji hicho alizaliwa mtoto mwanamume, kati ya mwaka 1880 na 1890. Baba yake aliitwa Iyonzwa na mama yake Inyuka. Wakamwita mtoto wao Bakanja. Nao hawakuwa wakristu, wala Bakanja alipokuwa mdogo hakusikia habari yo yote ya Yezu Kristu.

Siku zile nchi ya Kongo ilikuwa mikononi mwa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubeleji. Hata mwaka 1908 ikageuzwa kuwa koloni la Ubeleji. Mali iliyotafutwa sana ilikuwa ni mpira wa msituni. Watu walisukumwa kwenda kuugema, na walioleta kidogo walipigwa.

Alipokuwa kijana, Bakanja aliondoka kwao akaenda Coquilhatville, mji unaoitwa leo Mbandaka. Akapata kazi ya kuwasaidia waashi waliojenga nyumba za serikali. Ndipo alipokutana na mapadri Watrapisti, waliotoka Ubeleji kuhubiri Injili. Akapenda mafundisho yao, akawa mkatekumeni. Hakuacha kazi yake ili ajifunze dini, wala hakuacha dini kwa sababu ya uchovu wa kazi. Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa, akapewa jina la Isidore. Tarehe 25 Novemba mwaka ule ule akapata kipaimara. Komunyo takatifu ya kwanza aliipokea tarehe 8 Agosti 1907, yaani mwaka mzima na zaidi baada ya ubatizo. Anayenung'unika kwamba mapadri wanamkawiza, na aitazame miezi hiyo.

Watrapisti waliwapa wakristu wao vitu viwili vya kuvaa au kushika: rozari, na skapulari ya Mama Maria wa Mlima Karmeli. Skapulari ni vipande viwili vya kitambaa vilivyofungwa kwa uzi na kuvaliwa shingoni, kimoja kifuani na kimoja mgongoni. Ni alama kwamba mtu amejiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Si hirizi. Hirizi huvaliwa ili fimbo isimpate mtu, ugonjwa usimguse, adui ashindwe. Skapulari ya Bakanja haikumzuilia fimbo hata moja. Kinyume chake, ndiyo iliyomletea fimbo. Kama angaliivaa kwa moyo wa hirizi, angaliitupa siku ya kwanza.

Mkataba wake ulipokwisha alirudi Bokendela. Wazazi na ndugu walimpokea vema, lakini hakukuwa na mkristu mwingine wa kusali naye. Jambo hilo lilimwia zito. Basi akaenda Busira, kwa maana huko alikuwako ndugu yake Camille Boya, naye amebatizwa. Mara nyingi watu huhama kwa kutafuta mshahara; kijana huyu alihama pia kwa kutafuta mwenziwe wa sala.

Huko Busira mzungu mmoja wa kampuni ya mpira, jina lake Reynders, alimwandika kuwa mtumishi wake wa nyumbani. Baadaye Reynders alipelekwa mahali paitwapo Ikili, na Bakanja akafuatana naye. Mkubwa wa Ikili alikuwa Van Cauter. Watu walimwita Longange. Mtu huyu aliichukia dini na mapadri. Alidhani kwamba watu wakishika sala watadharau kazi, na mapadri wakifika hapo watayaona maovu yanayotendwa.

Ikili haikuwa na kanisa, wala padri, wala katekista. Bakanja hakungoja mpaka padri afike. Alifanya kazi yake ya nyumbani kwa uaminifu. Kazi ilipokwisha alisali asubuhi na jioni, akashika rozari yake. Wenzake walimwona, wakamwuliza, naye akawafundisha sala zile alizofundishwa yeye mwenyewe. Hakuwa na kitabu kikubwa wala cheo. Alijua mafundisho ya mkatekumeni, akayatoa yote.

Van Cauter aliposikia alikasirika sana. Akamkataza Bakanja kuwafundisha wenzake, akisema kwamba mwishowe kijiji kizima kitasali na hakuna atakayefanya kazi. Bakanja alipoona mambo yanakuwa mabaya aliomba ruhusa arudi kwao. Wengine hudhani kwamba shahidi ni mtu anayekimbilia mateso. Bakanja hakuyakimbilia, aliomba kuondoka kwa amani, akanyimwa.

Siku moja alipokuwa akihudumu mezani, Van Cauter akaiona skapulari shingoni mwake, akamwamuru aivue. Lilikuwa jambo jepesi kwa macho ya watu. Angaliweza kuivua mezani na kuivaa tena usiku, au kuificha ndani ya nguo zake, na pengine hakuna mkristu ambaye angalimlaumu sana. Lakini aliona kwamba kuivua kwa amri ile ni kumkana Bwana wake mbele ya watu. Hakuivua. Van Cauter alipoiona tena akaamuru apigwe fimbo 25.

Baada ya hapo, mwanzoni mwa mwaka 1909, Van Cauter alimwita tena. Akaikata skapulari shingoni mwake kwa nguvu, akamtupia mbwa. Akaleta kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari nchani. Watu wawili wakamshika Bakanja mikono na miguu, amelala chini, na mmoja akaamriwa kupiga. Mpigaji alikuwa mtumishi mweusi kama yeye, naye aliogopa kupigwa akikataa. Fimbo zilipita mia. Bakanja aliomba ahurumiwe, kwa kuwa mwili wake ulikuwa mwili wa mtu kama wetu. Ngozi ya mgongo ikachanika, mifupa ikaonekana. Kisha akafungwa minyororo miguuni, akatupwa katika nyumba ya kukaushia mpira.

Siku zikapita, ikasikika kwamba mkaguzi wa kampuni, Dörpinghaus, anakuja. Van Cauter akaogopa, akamfukuza Bakanja aende kijiji kingine, ili mkaguzi asimwone. Bakanja hakuweza kutembea vema. Akajificha msituni karibu na njia, hata mkaguzi alipopita akajikokota akamtokea. Dörpinghaus aliona mgongo uliooza na kunuka, akashangaa sana. Akamtunza, akampeleka Busira.

Hapo wakristu walimwuguza, lakini vidonda havikupona. Bakanja alijua kwamba anakufa. Aliwaagiza waliomzunguka kwamba, wakimwona mama yake, au hakimu, au padri, wawaambie kwamba anakufa kwa sababu yeye ni mkristu. Tarehe 24 Julai 1909 mapadri wawili walifika, naye alikuwa hajaonana na padri kwa muda mrefu. Akapata kitubio, na Mpako mtakatifu, na Komunyo. Padri akamshauri amsamehe Van Cauter. Bakanja akajibu kwamba hana hasira naye. Akifika mbinguni atamwombea sana. Watu wengi waliposikia neno hilo walishangaa kuliko walivyoshangaa kwa vidonda, maana mtu mwenye mgongo kama ule angaliweza kusamehewa chuki yake.

Tarehe 15 Agosti 1909 ilikuwa Dominika, tena sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Wakristu wa Busira walikusanyika kusali pamoja, bila padri, kama walivyozoea. Baada ya sala, Bakanja, aliyekuwa amelala siku nyingi, akainuka kitandani. Akatoka polepole, rozari mkononi, akatembea kidogo katika migomba kimya, watu wakimtazama. Kisha akarudi, akala kidogo, akalala. Siku ile ile akafa, rozari ingali mkononi mwake.

Mwaka 1917 mifupa yake ilihamishwa, ikazikwa katika misioni ya Bokote. Tarehe 24 Aprili 1994, maaskofu wa Afrika walipokuwa wamekusanyika Roma kwa Sinodi, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Siku hiyo alitangaza pia wanawake wawili wa Italia, Elisabetta Canori Mora na Gianna Beretta Molla, wote wawili mama wa familia. Mtumishi wa nyumbani wa Ikili akatajwa pamoja nao.