Robert Koch na Mashahidi wa Kimeta

Mfugaji wa Kajiado hahitaji kufunzwa ukali wa kimeta. Ajua kuwa ng'ombe aliyekufa kwa maradhi hayo hachunwi wala haliwi, na kwamba ardhi alipoangukia yaweza kuficha ugonjwa miaka na miaka. Ninalopenda kusimulia ni jinsi ukaidi huo wa kimeta ulivyowafunza madaktari kuhakikisha usalama wa vyombo vyao.

Robert Koch alizaliwa Ujerumani mwaka 1843. Alikuwa daktari katika mji mdogo wa Wollstein alipoonyesha, mwaka 1876, kuwa kijidudu cha kimeta hufanya spora, yaani mbegu ngumu zisizokufa upesi kwa ukavu wala joto. Mwaka 1881, akiwa Berlin, yeye na wenzake walizikausha spora hizo katika nyuzi za hariri, wakazitia katika joto ziwe mashahidi. Hewa kavu ya digrii 140 ilichukua saa 3 kuziua. Mvuke wa maji yachemkayo uliziua kwa dakika chache tu.

Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa kitu safi si lazima kiwe twahara. Kisu cha mpasuaji nacho ni vivyo hivyo: chaweza kumeremeta na huku kimebeba mauti. Ndipo hata leo spora hutiwa pamoja na vyombo katika mtungi wa mvuke. Si za kimeta tena, bali za kijidudu kisichodhuru, Geobacillus stearothermophilus, kinachostahimili joto kali. Kisha huwekwa mahali pa joto la kuziotesha. Zikiota, mvuke haukufanya kazi, na vyombo havifai kumgusa mgonjwa.

Lakini bwana huyu hakuzidai dawa zake ushahidi kama huo. Mwaka 1890 aliitangaza tuberkulini kuwa tiba ya kifua kikuu, haikuponya. Mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, na mwaka uliofuata akafika visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale kwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Kipimo kilipozidishwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka, wasione tena. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Namheshimu kwa nyuzi zake za hariri, na vipofu wa Ssese siwasahau. Basi, msomaji, mgonjwa wa Kitengela akiuliza kama mtungi umepimwa, asihesabiwe mtovu wa adabu. Mganga hajigangi, na mtungi haujitolei ushahidi.