William Harvey: Tabibu aliyechungulia moyo ndani ya yai

Mfugaji wa kuku wa Kagio, mji wa soko ulio kati ya Sagana na Kutus katika Kaunti ya Kirinyaga, hahitaji maabara ili kuuona mwanzo wa moyo. Siku ya tano ya kuatamia, anapoliinua yai mbele ya kurunzi gizani ili kutenga mayai viza na yale yenye uhai, huona mishipa myekundu iliyotanda mithili ya utando wa buibui na, bahati ikiwapo, kitone kinachopwita katikati yake. Kitone hicho ndicho kilichomshughulisha tabibu Mwingereza William Harvey hadi uzeeni.

Harvey alizaliwa Folkestone, kusini mwa Uingereza, tarehe 1 Aprili 1578. Baada ya masomo ya Cambridge alikwenda Padua, Italia, akahitimu udaktari mwaka wa 1602. Mwalimu wake huko, Fabricius, alichunguza vilango vilivyomo ndani ya vena na vilevile ukuaji wa kifaranga ndani ya yai. Mwanafunzi alirithi mambo yote mawili.

Aliporejea London alipewa kazi katika hospitali ya St Bartholomew mwaka wa 1609, kisha akawa tabibu wa Mfalme James wa Kwanza na wa mwanawe, Charles wa Kwanza. Madaktari wa enzi hiyo walifuata mafundisho ya Galen wa karne ya pili, kwamba damu hutengenezwa na ini na kutumiwa na mwili ikaisha. Harvey alipiga hesabu tu. Moyo hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa nusu saa. Hata kila pigo likitoa kiasi kidogo, jumla yake hupita damu yote iliyomo mwilini. Hakuna ini liwezalo kutengeneza kiasi hicho. Basi damu huzunguka, na moyo ndio unaoisukuma. Aliyachapisha hayo mjini Frankfurt mwaka wa 1628.

Katika kitabu hicho alieleza pia alivyolibandua ganda la yai la siku nne au tano na kulitia yai katika maji safi ya uvuguvugu. Aliona kiwingu, na ndani yake kitone cha damu kidogo kama ncha ya sindano, kinachotoweka moyo unapojikaza na kurudi unapolegea. Baadaye aligundua kwamba baridi hukifanya kitone hicho kipige polepole, na joto la kidole hukihuisha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1642, Harvey alifuatana na mfalme. Wanajeshi wa Bunge waliyavamia makao yake ya Whitehall na kuziharibu karatasi za utafiti wa miaka mingi, hasara aliyoisikitikia kuliko mali yoyote. Akiwa Oxford alirudia mayai yake. Husimuliwa kwamba rafiki yake mmoja alifuga kuku aatamiaye chumbani mwake chuoni ili wayapasue mayai siku baada ya siku.

Kitabu chake cha pili kilitoka mwaka wa 1651, na humo kuna jambo la ujasiri. Mwandishi aliyeutukuza moyo sasa aliipa damu nafasi ya kwanza, akapingana na Aristotle. Kwa mpangilio wa matukio hakuwa sahihi kikamilifu, kwani leo inajulikana kwamba moyo wa kifaranga huanza kupiga katika siku ya pili, kabla mzunguko wa damu haujakamilika. Ila kukataa kuiona damu kama mzigo tu unaobebwa na moyo kulikuwa hatua kubwa kwa mtu asiyekuwa na darubini ya kutosha. Alifariki tarehe 3 Juni 1657, bila kuacha mtoto.

Moyo wa kifaranga huanza ukiwa bomba lililonyooka, kisha hupinda kuelekea kulia. Mpindo huo wa kwanza hutokea hata moyo ukizuiwa kupiga. Hatua zinazofuata hutegemea sana mkondo wa damu, unaosugua kuta za ndani na kuzitanua. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliubana mshipa mmoja uletao damu kutoka kwenye kiini cha yai. Hawakuugusa moyo wenyewe. Mkondo ulibadili njia, na mioyo mingi ikaumbika na kasoro katika kuta zinazotenga vyumba vyake na katika mishipa mikuu.

Kasoro za namna hiyo huzaliwa nazo takribani mtoto mmoja kati ya 100 duniani. Katika hospitali chache za nje, kilango cha moyo kilichobana hupanuliwa kwa puto dogo mtoto angali tumboni, ili damu ipite na chumba cha kushoto kipate kukua.