Blasio Kigozi: Mtumishi Aliyejihoji Kwanza

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Isaya 29:13, Yohana 3:1-8, Luka 15:25-32, Mathayo 5:23, 24, 1 Wakorintho 11:27-29, Yohana 12:24, Ufunuo 3:14-22.

Fungu la kukariri: Ufunuo 3:20.

Ukisimama Rusumo, wilayani Ngara, unauona mto Kagera ukiporomoka kati ya Tanzania na Rwanda. Ng'ambo ya mto, ukielekea kaskazini-magharibi, kuna kilima kiitwacho Gahini, karibu na ziwa Muhazi. Katika miaka ya 1930 Waanglikana walikuwa na kanisa, shule na hospitali hapo. Kutoka kwenye kilima hicho ulianza uamsho uliovuka mipaka, ukafika hata Biharamulo.

Mmoja wa watu waliotumiwa katika uamsho huo alikuwa kijana Mganda, Blasio Kigozi. Hakuwa Mwadventista, lakini swali alilouliza linagonga mlango wa kila kanisa: kwa nini watu wanaohudhuria ibada, wanaojua nyimbo na maandiko, huwa baridi mioyoni? Juma hili tutaona jinsi alivyoanza kuliuliza nyumbani kwake kabla hajaliuliza kanisani.

JUMAPILI
Kanisa Lililojaa

Soma Isaya 29:13. Mungu aliwalaumu watu wake kwa jambo gani, ingawa walikuwa wakimwabudu?

Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877. Muda si mrefu vijana wengi wa nchi hiyo waliuawa kwa ajili ya imani yao. Kwa kizazi kile, kubatizwa kulikuwa ni kuuweka uhai wako rehani.

Watoto na wajukuu wao waliikuta njia imekwisha kulimwa. Ubatizo ulifungua mlango wa shule, na shule ikafungua mlango wa kazi na heshima. Mtu alipata jina la Kikristo kama alivyopata kanzu ya sikukuu. Makanisa yalijaa, lakini wengi waliobatizwa waliendelea na ulevi, uzinzi na uchawi kwa siri, na Jumapili wakakaa mahali pao kama kawaida.

Katika mazingira hayo Blasio alikua, mdogo wake Simeoni Nsibambi. Nsibambi alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya, kisha akaiacha kazi hiyo ili ahubiri Injili. Ndugu yake mdogo alivutwa na ushuhuda huo. Mwaka 1929 Blasio alikwenda Gahini kufundisha, wakati ambapo njaa kubwa ilikuwa imeipiga mashariki ya Rwanda.

Nasi je? Wazee wetu wengi walipoanza kuitunza Sabato walipoteza marafiki, kazi, hata urithi. Sisi tuliozaliwa humu tumerithi matunda. Je, tumerithi na imani yenyewe, au tumerithi kiti tu?

JUMATATU
Kosa la Nani?

Soma Luka 15:25-32. Ndugu mkubwa hakuwahi kuondoka nyumbani. Ni nini kilichomweka mbali na baba yake?

Mtu angedhani kwamba kituo cha misheni kilichojaa watumishi kingekuwa mahali penye joto la kiroho. Gahini haikuwa hivyo. Watumishi wa hospitali na watu wa shule ya wainjilisti hawakupatana. Blasio alikuwa na bidii kubwa shuleni, na bidii yake iliwachoma waliokuwa hospitalini. Kiongozi wa wahudumu Waafrika wa hospitali, Yosiya Kinuka, alikuwa Mkristo kwa jina, naye alikuwa karibu kukata tamaa na kazi.

Mwaka 1931 Dkt. Joe Church, daktari wa Gahini, alimtuma Kinuka Kampala akaonane na Nsibambi. Nsibambi alimuuliza habari za hospitali, naye Kinuka akamwaga malalamiko: wahudumu hawatii, wenzake ni wagumu, kazi haiendi. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamweleza kwa upole kwamba chanzo cha ubaridi ule kilikuwa ndani ya moyo wa Kinuka mwenyewe.

Neno hilo lilimuuma. Lakini katika safari ya kurudi alilitafakari, akakubali, akajisalimisha kwa Kristo. Alifika Gahini akiwa mtu mwingine. Yeye na Blasio, waliokuwa wakitazamana kwa mbali, wakawa ndugu wa kuomba pamoja.

Tafakari: Unapoeleza kwa nini kanisa lako limepoa, ni majina ya nani yanayokujia kwanza? Je, jina lako limo?

JUMANNE
Juma Moja Faraghani

Soma Yohana 3:1-8. Kwa nini Yesu alimwambia habari za kuzaliwa upya mwalimu wa dini, aliyejua Maandiko?

Blasio alisomea huduma katika chuo cha Mukono, akawekewa mikono kuwa shemasi, akarudi Gahini kuongoza shule ya wainjilisti. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano mkubwa uliofanyika hapo Gahini, watu walianza kusimama na kuziungama dhambi zao waziwazi. Moto ulikuwa umeanza kuwaka.

Hata hivyo, mwaka 1935 Blasio alitambua jambo lililomsumbua sana. Alikuwa akifundisha, akihubiri na kuwatuma wainjilisti vijijini, lakini mwenyewe aliona hana nguvu. Aliwapa wengine chakula ambacho yeye hakuwa akikila. Angeweza kuongeza mikutano au kutunga ratiba mpya. Badala yake aliacha kazi kwa juma zima, akajitenga katika kibanda, akaomba, akasoma Neno na kuuchunguza moyo wake mbele za Mungu.

Alipotoka, hakukimbilia mimbarani. Kwanza alikwenda kwa watu wa nyumbani mwake akawaomba msamaha kwa jinsi alivyowakosea. Kisha akatengeneza mambo na wale aliofanya nao kazi. Ndipo mahubiri yake yalipoanza kuwapenya watu, kwa sababu wote walijua kwamba yamempenya yeye kwanza.

Soma Mathayo 5:23, 24. Sadaka iko tayari, mwabudu yuko madhabahuni, lakini Yesu anamwambia aiache aende. Kwa wengi wetu ni rahisi kusimama mbele ya kanisa na kusema kwamba sisi ni wenye dhambi kuliko kuingia jikoni na kumwambia mke kwamba jana nilikosea. Ungamo la jumla halimgharimu mtu kitu. Lile lenye jina, siku na jambo ndilo linaloufungua mlango.

JUMATANO
Safari ya Kabale

Soma Matendo 4:13. Watu walitambua nini walipowatazama Petro na Yohana?

Mnamo Septemba 1935 kundi kutoka Gahini, Blasio akiwamo, lilialikwa Kabale, katika milima ya Kigezi, Uganda. Kwa siku kadhaa walifundisha kwa utaratibu: dhambi ni nini, toba ni nini, kuzaliwa upya, kuachana na ya kale, kujazwa Roho Mtakatifu na maisha ya ushindi.

Hapakuwa na fundisho geni hapo. Wasikilizaji wengi walikuwa wamejifunza mambo hayo kabla ya kubatizwa. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja alianza kuyasikia kana kwamba yamesemwa kwake. Waliokuwa wameiba wakarudisha. Waliokuwa na kinyongo wakawatafuta wenzao. Watu waliofanya hivyo wakaitwa Balokole, yaani waliookoka. Kwa wengine jina hilo lilikuwa la dhihaka. Wao walilipokea kwa furaha.

Imani inapokuwa ya mtu binafsi haimwachi peke yake. Blasio na wenzake walisafiri kwa vikundi, Waafrika na Wazungu, Waganda na Wanyarwanda, wakiombana msamaha wao kwa wao, jambo ambalo nyakati zile lilikuwa adimu. Aliyekuja kwa Kristo kwa miguu yake mwenyewe aligundua kwamba amekuja karibu na jirani yake pia.

ALHAMISI
Hoja Tatu

Soma 1 Wakorintho 11:27-29. Mtume Paulo anataka kila mtu afanye nini kabla ya kushiriki Meza ya Bwana?

Januari 1936 Blasio alikuwa Uganda. Sinodi ya kanisa lake ilikuwa inakaribia, naye alikuwa ameandaa mambo matatu. La kwanza, aliuliza chanzo cha ubaridi na ufu wa kanisa. La pili, alilalamika kwamba watu wanaoishi katika dhambi wazi wanaruhusiwa kuikaribia Meza ya Bwana. La tatu, aliuliza lifanyike nini ili uamsho uje. Ujumbe wake wote uliingia katika neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka.

Hakufika kwenye sinodi. Alishikwa na homa ya papasi, akafariki Januari 25, 1936, akiwa bado kijana. Hoja zake zilifikishwa mbele ya sinodi yeye akiwa kaburini. Waliozisikia walijua kwamba hazikutoka kwa mtu aliyesimama pembeni akinyosha kidole. Mwaka uliofuata kanisa lile lilitimiza miaka 60, na wito wa kuamka uliandamana na maadhimisho hayo.

Soma Yohana 12:24, kisha uitafakari hoja yake ya pili. Sisi hutawadhana miguu kabla ya mkate na divai. Je, si kweli kwamba mara nyingi humtafuta rafiki tuliyekaa naye benchi moja, huku yule tusiyesalimiana naye tukimwacha upande wa pili? Maji yakipita juu ya miguu isiyo na ugomvi na ugomvi ukabaki pale pale, huduma ya unyenyekevu imebaki kuwa ratiba.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Ufunuo 3:14-22, ujumbe ambao sisi Waadventista tumeutambua tangu zamani kuwa ni wetu. Angalia kwamba Kristo anabisha nje ya mlango wa watu waliokwisha kuitwa kanisa, na kwamba ahadi yake haielekezwi kwa umati. Ni kwa mtu mmoja mmoja atakayeisikia sauti na kufungua.

Mwaka 1939, miaka mitatu baada ya kifo cha Blasio, kikundi cha watu wa uamsho kutoka Rwanda kilifika Katoke, palipokuwa na chuo cha walimu. Kutoka huko habari ilienea Kagera hadi kwa Walutheri wa Bukoba. Mbegu iliyofukiwa Uganda ilichipua katika vilima vyetu.

Tusiuige mtindo wa watu wale. Mungu hana njia moja ya kuwaamsha watoto wake. Lakini tuuchukue mpangilio wa Blasio: kwanza chumba cha maombi, kisha nyumbani, kisha kanisani. Wengi wetu huanza kanisani na kuishia hapo hapo.

Maswali ya kujadili:

1. Mtu anaweza kutunza Sabato, kurudisha zaka na kufundisha darasa bila kumjua Kristo. Ni dalili zipi zinazoweza kumwonya mapema kuwa yuko katika hali hiyo?

2. Kuna hatari gani katika kuungama mbele ya watu wengi? Kuna hatari gani katika kutoungama kamwe kwa mtu yeyote? Darasa lenu linawezaje kuwa mahali salama?

3. Wazazi na wazee wa kanisa wafanye nini ili watoto waliozaliwa kanisani wampokee Kristo wenyewe, badala ya kuridhika na kurithi desturi za nyumbani?

4. Kabla jua halijazama leo, je, kuna mtu nyumbani kwako unayepaswa kumwendea? Swali hili usilijibu darasani. Inuka, umwendee.