Jenerali na Binti Yake Anne

Wanariadha wetu wa hapa Eldoret wakienda kukimbia Paris, wengi hushuka katika uwanja wa ndege unaoitwa Charles de Gaulle. Wiki hii nataka tumwangalie huyo mwenye jina. Alikuwa Mkatoliki, na sikuja kubishana na mtu juu ya hilo.

De Gaulle alizaliwa mjini Lille, Ufaransa, mwaka wa 1890. Alikuwa mwanajeshi, mrefu karibu mita mbili, mtu mkavu asiyependa mzaha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alishikwa mateka na Wajerumani, akajaribu kutoroka mara tano, na kila mara akarudishwa. Mwaka wa 1921 alimuoa Yvonne Vendroux. Wakapata Philippe, wakapata Élisabeth, na tarehe 1 Januari 1928 wakapata Anne.

Anne alizaliwa na hali ya Down. Siku hizo hakuna aliyejua inatoka wapi. Mpaka 1959 ndipo watafiti wa Paris walipotangaza kwamba watoto hawa wana kromosomu 47 badala ya 46. Kromosomu ni zile nyuzi za urithi ndani ya seli, na ile ya 21 kwao huwa tatu badala ya mbili. Basi. Si dhambi ya mama, si laana ya ukoo, si kitu alichokula akiwa mjamzito. Lakini watu walinong'ona wakati huo kama wanavyonong'ona hapa Pioneer, na familia nyingi zenye jina zilimpeleka mtoto kama huyo kwenye taasisi ya mbali, asitajwe tena. De Gaulle na mkewe walikataa. Anne alikaa nyumbani na ndugu zake. Mwaka wa 1934 wakanunua nyumba katika kijiji cha Colombey-les-Deux-Églises, yenye bustani kubwa ya kumfaa.

Sasa hapa ndipo huyu mzee ananishangaza. Mtu ambaye maofisa walimwogopa, akifika nyumbani alikuwa anamwimbia Anne, anamchezea dansi, anamwachia kofia yake ya jeshi aichezee. Na Wajerumani walipoivamia Ufaransa mwaka wa 1940, yeye akienda London kuendeleza vita, Yvonne alivuka bahari na watoto wote watatu. Katika ile haraka yote, Anne hakuachwa.

Mimi niliwahi kumwacha mmoja. Mwaka jana nilimwomba mama fulani atoke nje na kijana wake, manake alikuwa anaimba mahubiri yakiendelea. Alitoka. Jumapili iliyofuata akaja peke yake, na zilizofuata pia. Nilipoenda kuwatembelea nikapata kijana amefungiwa ndani na redio. Niliomba msamaha hapo hapo mlangoni. Mefiboshethi alikula mezani pa mfalme, someni 2 Samweli 9, na mimi nilikuwa nimemnyima kijana kiti cha plastiki. Siku hizi anakaa safu ya tatu. Bado anaimba.

Nilisomea biashara, kwa hivyo huwa naangalia pesa zilienda wapi. Swali lililowasumbua de Gaulle na Yvonne ni lile lile la wazazi wetu: tukifa, huyu ataangaliwa na nani? Baada ya vita walianzisha wakfu wenye jina la Anne, wakafungua nyumba huko Milon-la-Chapelle, karibu na Paris, kwa ajili ya wasichana wenye ulemavu wa akili ambao jamaa zao hawakuwa na uwezo. Mapato ya vitabu vyake vya kumbukumbu za vita yaliingia huko. Mweka hazina alikuwa Georges Pompidou, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi. De Gaulle mwenyewe alipotoka madarakani alichukua pensheni ya kanali tu.

Nasi tuanze na tunachoweza. Mpeleke mtoto kituo cha EARC apimwe ajulikane anafaa shule gani, umwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ukiona haya kwenda peke yako, nipate ofisini, twende pamoja.

Anne aliaga tarehe 6 Februari 1948 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 20. Ile nyumba haikufungwa, na wakfu wake ungali unafanya kazi.

De Gaulle alikuwa rais kutoka 1959 hadi 1969. Lakini tangu 1952 alikuwa ameandika kwamba azikwe Colombey, Anne alipolala, bila mazishi ya kitaifa. Alifariki tarehe 9 Novemba 1970. Wakuu wa mataifa walikusanyika Paris kumwombea, huku vijana wa kijiji wakibeba jeneza lake. Kaburini jina lake limeandikwa na miaka miwili tu, 1890 na 1970, na Anne yuko hapo pamoja naye.