Edward Steere, Mfasiri wa Neno la Mungu

Katika jubilei hii yatupasa kuwakumbuka wazee wetu wa imani. Mmoja wao ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria akawa wakili, kisha akaiacha kazi ile akawa kasisi, akachunga kanisa dogo la mashamba huko Little Steeping. Mwaka 1863 alifuatana na Askofu Tozer hata nchi ya Zambezi, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Huko wanadamu waliuzwa sokoni kama mbuzi. Mwaka ule ule Sultani Majid aliwapa wamisheni wavulana watano waliookolewa katika utumwa.

Twafahamu sote ya kuwa sheria isiyoeleweka haiwezi kufuatwa. Basi Steere aliketi na wenyeji wenye elimu, akajifunza Kiswahili kwa bidii, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo. Akafasiri Injili, kisha Agano Jipya, na vijana wa misheni wakafundishwa kazi ya kupiga chapa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi wa kanisa liliwekwa mahali pale pale. Steere, aliyewekwa kuwa Askofu mwaka 1874, aliusimamia ujenzi mwenyewe. Mwaka 1876 aliwapeleka bara watu waliokombolewa, nao wakakaa Masasi. Mwaka 1879 John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, akapewa ushemasi. Aliyekuwa mali ya watu akawa mtumishi wa madhabahu.

Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti, 1882, akazikwa ndani ya kanisa lile. Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1891, baada ya wenzake kuiendeleza kazi.

Ndugu zetu, na ninyi walimu, Kitabu hiki hakikufasiriwa ili kikae sandukuni kimefungwa kwa kitambaa. Kilisomwa kwanza kwa watu waliojua maana ya kuhesabiwa kuwa bidhaa; kwao habari ya kuwa kila mtu ni sura ya Mungu haikuwa maneno matupu. Nasi tujipime kwa mizani hiyo. Tukimnyima mtumishi wa nyumbani ujira wake, au tukipunja katika kupima unga, au tukimdharau mtoto wa maskini darasani, soko lile tumelifungua tena mioyoni mwetu. Hatuwezi kusema ya kuwa hatukuelewa, maana Neno limetujia kwa lugha yetu wenyewe.

Basi tulisome nyumbani kila siku, tukalitende. Hiyo ndiyo shukrani itupasayo katika jubilei hii.