Wu Lien-teh: Mwana wa mhamiaji aliyezima tauni mpakani

WAKENYA waliolazimika kuvaa barakoa kila walipotoka nyumbani mwaka wa 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoenea, hawakuwa wa kwanza kuona kipande cha kitambaa kikigeuka kuwa ngao ya umma. Miaka 110 kabla ya hapo, katika mji wa baridi kali kaskazini mashariki mwa China, daktari mmoja kijana aliwasihi watu wafunike pua na midomo yao. Baadhi ya wenzake walimdharau.

Daktari huyo alikuwa Wu Lien-teh, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31 pekee. Alikuwa ametwikwa jukumu la kuzima tauni iliyosafiri kwa garimoshi pamoja na vibarua wahamiaji, katika eneo ambalo China, Urusi na Japani zote zilikuwa na usemi.

Maisha yake yana mengi ya kumfunza yeyote anayejali jinsi jamii za mpakani, na watu wanaohama kusaka riziki, wanavyoweza kukingwa dhidi ya mikurupuko ya magonjwa.

Penang hadi Cambridge

Wu alizaliwa Machi 10, 1879, katika kisiwa cha Penang, ambacho wakati huo kilitawaliwa na Uingereza na ambacho leo ni sehemu ya Malaysia. Baba yake alikuwa sonara aliyehama kutoka kusini mwa China kutafuta maisha mapya ng'ambo.

Kijana huyo alisomea Penang Free School, ambako alionyesha kipaji cha hali ya juu. Mnamo 1896 alishinda ufadhili wa masomo uliompeleka katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Huko alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa asili ya Kichina kusomea udaktari.

Alipata mafunzo ya hospitalini katika St Mary's jijini London, kisha akazama katika sayansi ya vijidudu na maradhi ya nchi za joto jijini Liverpool, katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris na pia nchini Ujerumani. Alirejea nyumbani mwaka wa 1903, akafanya utafiti kwa muda jijini Kuala Lumpur kabla ya kufungua zahanati yake Penang.

Hata hivyo, maisha hayakuwa mteremko. Wu alijitosa katika kampeni dhidi ya kasumba, biashara iliyowaangamiza vibarua wengi wa Kichina na wakati uo huo kuitajirisha serikali ya kikoloni pamoja na matajiri wa kisiwani. Mwaka wa 1907 zahanati yake ilipekuliwa, akapatikana na dawa yenye kasumba na kutozwa faini. Yeye alishikilia kuwa waliomwandama ni wale aliowaharibia biashara.

Baada ya masaibu hayo, aliitikia mwaliko wa serikali ya China wa kuwa naibu mkurugenzi wa chuo cha madaktari wa jeshi mjini Tianjin. Alikwenda kuitumikia nchi ambayo hakuzaliwa kwayo, na ambayo lugha yake kuu ilimbidi kujifunza akiwa mtu mzima.

Ngozi, reli na tauni

Katika vuli ya mwaka wa 1910, watu walianza kufa kwa ugonjwa wa ajabu huko Manzhouli, mji ulio kwenye mpaka wa China na Urusi. Walishikwa na homa kali, wakakohoa damu na kufariki katika muda wa siku chache.

Wakati huo bei ya ngozi za tarbagan, mnyama mgugunaji aishiye mashimoni katika nyika za Mongolia na Manchuria, ilikuwa imepanda sana. Manyoya yake yalitiwa rangi na kuuzwa Ulaya badala ya manyoya ya wanyama adimu zaidi. Maelfu ya vibarua maskini, wengi wao kutoka mkoa wa Shandong, walimiminika kaskazini kuwinda.

Wawindaji wenyeji, hasa Wamongolia na Waburyat, walimjua mnyama huyo kwa vizazi vingi. Walimwepuka tarbagan aliyezubaa au aliyekwenda kwa kujikokota kwani walitambua kuwa ni mgonjwa. Wageni hawakuwa na ujuzi huo. Kwao, mnyama asiyeweza kukimbia alikuwa riziki ya bure. Wu aliamini kuwa huko ndiko tauni ilikoanzia kuwaingia binadamu.

Jioni wawindaji hao walirundikana katika nyumba za wageni zilizofungwa madirisha kwa ajili ya baridi, wakilala kwa makumi juu ya vitanda vya udongo vilivyopashwa moto. Mmoja akikohoa, wote walivuta hewa ile ile.

Kutoka Manzhouli, ugonjwa ulipanda garimoshi. Njia ya reli ya kaskazini ilisimamiwa na Urusi, ile ya kusini ikasimamiwa na Japani, nayo ya kuelekea Beijing ikawa chini ya China. Kila upande ulilinda masilahi yake. Zaidi ya hayo, mwaka mpya wa Kichina ulikuwa ukikaribia, na vibarua kwa maelfu walikuwa wakijiandaa kurudi makwao.

Ugunduzi wa Harbin

Wizara ya Mashauri ya Kigeni mjini Beijing ilimtuma Wu hadi Harbin. Aliwasili Desemba 24, 1910, akiwa na msaidizi mmoja, hadubini na vifaa vichache vya maabara. Makao yake yalikuwa Fujiadian, mtaa wa Wachina wenye wakazi wapatao 24,000, uliopakana na makazi ya Warusi.

Siku tatu baadaye alipata fursa ya kuupasua mwili wa mwanamke Mjapani aliyeendesha nyumba ya wageni. Upasuaji wa maiti ulikuwa jambo la mwiko, hivyo ulifanyika kwa siri. Chini ya hadubini, Wu aliona vijidudu vya tauni vikiwa vimejaa mapafuni.

Ugunduzi huo ulipingana na yale madaktari wengi walioyashikilia. Tauni iliyokuwa ikijulikana zaidi, ile ya mitoki, ilienezwa na viroboto wa panya. Ndiyo iliyofika Nairobi mapema katika karne ya 20 na kusababisha soko la Wahindi kuteketezwa. Lakini tauni ya Harbin, Wu alisema, haikumhitaji panya. Ilipita hewani, kutoka pafu moja hadi jingine.

Kwa sababu hiyo aliagiza kila mhudumu avae barakoa ya tabaka za shashi zilizotiwa pamba katikati na kufungwa kisogoni. Madaktari wa upasuaji walikuwa wakitumia vitambaa vya aina hiyo hospitalini, ila Wu aliitaka barakoa iingie barabarani, kwa askari, wabebaji wa maiti na raia wa kawaida.

Mfaransa Gérald Mesny, daktari mwenye uzoefu mkubwa wa tauni, hakukubaliana naye. Alitaka yeye ndiye apewe usimamizi wa kampeni, na mzozo huo ulifika Beijing, ambako Wu alijitolea kujiuzulu. Serikali iliamua Wu abaki. Mesny alikwenda kuwapima wagonjwa katika hospitali ya Warusi bila kufunika uso. Alifariki Januari 11, 1911.

Kifo hicho kiliutikisa mji mzima. Tangu siku hiyo, hakuna aliyehitaji kushawishiwa kuvaa barakoa.

Mji wagawanywa

Wu na wenzake waliugawa mtaa wa Fujiadian katika sehemu nne. Kila mkazi alipewa utepe wa mkononi wenye rangi ya sehemu yake, na hakuruhusiwa kuvuka hadi sehemu nyingine bila kibali. Makundi ya wakaguzi yalipita nyumba hadi nyumba kutafuta wagonjwa, huku askari wakiuzingira mtaa.

Waliougua walipelekwa hospitalini, ambako karibu wote walifariki kwani hapakuwa na tiba. Waliotangamana nao walihitaji mahali pa kutengwa, na majengo hayakutosha. Wu aliwaomba Warusi mabehewa 120 ya garimoshi, akayatia majiko ya kupasha joto na kuyafanya kuwa karantini. Mabehewa yaliyokuwa yakisambaza ugonjwa sasa yakawa ya kuuzuia.

Mtihani mgumu zaidi ulihusu wafu. Ardhi ilikuwa imeganda kiasi kwamba haikuchimbika, na maiti zaidi ya 2,000 zilikuwa zimelundikwa makaburini, baadhi zikiwa ndani ya majeneza na nyingine zikiwa wazi. Wu alihofia kuwa zingeendelea kueneza ugonjwa. Alitaka zichomwe.

Katika mila za Kichina, kuuchoma mwili wa mzazi au ndugu kulikuwa kumvunjia heshima marehemu na ukoo wake. Wu alifahamu kuwa akitumia nguvu, watu wangeficha wagonjwa na maiti zao. Aliwapeleka viongozi wa mji makaburini wajionee wenyewe hali ilivyokuwa. Walipokubali kumuunga mkono, ombi lilitumwa kwa mtawala mjini Beijing.

Idhini ilifika Januari 30, 1911, siku ya mwaka mpya wa Kichina. Kesho yake miale ya moto ilipanda juu ya makaburi ya Fujiadian. Kufikia wakati huo watu wapatao 180 walikuwa wakifariki kwa siku moja katika mtaa huo. Baadaye idadi ilianza kushuka, na kisa cha mwisho kilirekodiwa Machi 1.

Vibarua walionaswa njiani

Nje ya Harbin, mzigo wa hatua za kinga uliwaangukia zaidi vibarua. Tiketi za madaraja ya chini zilisitishwa, huku wasafiri wenye pesa wakiruhusiwa kuendelea na safari kwa muda. Huko Shanhaiguan, kwenye lango la Ukuta Mkuu wa China, abiria walizuiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kupita.

Garimoshi moja lililojaa vibarua lilirudishwa Mukden baada ya baadhi yao kufariki njiani. Daktari kijana, Arthur Jackson, aliachiwa kazi ya kuwahudumia stesheni. Naye aliambukizwa na kufariki Januari 25, 1911.

Wengine waliozuiliwa kupanda garimoshi waliamua kutembea kwa miguu, wakipita vijijini ambako hapakuwa na daktari wala mkaguzi. Reli ikifungwa bila msafiri kupewa chakula wala malazi, ugonjwa hutafuta njia za panya.

Kwa jumla, tauni hiyo iliangamiza watu wapatao 60,000. Miongoni mwao walikuwa wahudumu wa afya, askari polisi, wapishi na wabebaji wa maiti ambao majina yao hayakumbukwi kama lile la Wu.

Wapo wanahistoria wanaohoji iwapo sifa zote zamstahili mtu mmoja. Wanadai kuwa tauni ya mapafu huua upesi kiasi cha kukosa watu wa kuambukiza, na kuwa kumalizika kwa msimu wa safari kulichangia. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiondoi ukweli kwamba Wu alitambua njia ya maambukizi mapema na kuchukua hatua zilizolingana nayo.

Kujiandaa kabla ya kisa cha pili

Mnamo Aprili 1911, wataalamu kutoka mataifa 11 walikutana Mukden katika kongamano la kimataifa kuhusu tauni, na Wu akawa mwenyekiti. Wengi wangeridhika na heshima hiyo na kurudi makwao. Yeye alitaka kitu cha kudumu.

Mwaka uliofuata iliundwa Huduma ya Kuzuia Tauni ya Manchuria Kaskazini, Wu akiwa kiongozi wake. Ilijenga hospitali katika miji ya njiani na mpakani, ikafunza wahudumu na kuendelea kuwachunguza wanyama wa nyika hata katika miaka ambayo hakuna aliyeugua.

Faida yake ilionekana tauni iliporejea mwaka wa 1920. Safari hii kulikuwa na maabara, vitanda, barakoa na watu waliojua la kufanya. Huko Dalainor, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, baadhi ya waliotengwa walitoroka na kujichanganya na wachimbaji, na wengi walikufa. Hata hivyo, vifo vya mkurupuko huo wote vilikuwa takriban 9,000, idadi ndogo mno ikilinganishwa na ile ya awali.

Wu alisaidia pia kuanzisha Chama cha Madaktari wa China mwaka wa 1915. Mnamo 1930 alikabidhiwa Huduma ya Kitaifa ya Karantini jijini Shanghai, hatua iliyoirejeshea China usimamizi wa afya katika bandari zake. Mwaka wa 1935 jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Udaktari, ingawa hakuipata.

Vita vya Japani na China vilipoanza mwaka wa 1937, alirejea Malaya na kufungua zahanati mjini Ipoh. Daktari aliyewahi kuamuru maelfu ya askari na wakaguzi sasa aliwahudumia wagonjwa wa kawaida kwa miaka mingi. Aliandika kumbukumbu za maisha yake, zikachapishwa mwaka wa 1959. Aliaga dunia Januari 21, 1960, akiwa na umri wa miaka 80, katika kisiwa alikozaliwa.

Somo kwa mipaka yetu

Julai 2024, Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza cha mpox. Hakikugunduliwa katika hospitali kubwa ya Nairobi bali katika kituo cha mpakani cha Taveta, kwa msafiri aliyekuwa ametoka Uganda akielekea Rwanda. Ni wahudumu wa mpakani waliomtambua.

Hilo ndilo Wu alilolipigania katika miji ya reli ya Manchuria. Mhudumu aliyefunzwa na anayelipwa awepo mpakani kabla ya mgonjwa kufika. Wenyeji wanaomjua mnyama na nyika yao wasikilizwe. Naye kibarua anayezuiliwa njiani apewe chakula, joto na maelezo kwa lugha anayoielewa, ili asione sababu ya kutoroka usiku. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa, utajenga ukuta.