Rafadha iliyokatika

Mpwa wangu hapa Garissa ameunguza mota mbili za boti yake ya rimoti kwenye Mto Tana. Rafadha ilikuwa kubwa, mota ndogo. Nilimgombeza, akataka kuacha.

Usiku nikamkumbuka Francis Pettit Smith, mkulima Mwingereza aliyezaliwa 1808. Alianza na kiboti cha springi bwawani shambani kwake, Hendon. Mwaka 1837, akijaribu boti ya mvuke mferejini London, nusu ya rafadha yake ya mbao ilikatika. Boti ikazidi mbio! Hakuona haya, akafuata rafadha fupi. Baadaye meli yake, Archimedes, iliwashawishi wakuu wa majini. Alifariki 1874.

Asubuhi nilimwomba mpwa wangu radhi. Kwa sasa anapunguza rafadha kwa kisu.